UZI: Kamera mikononi mwa mgonjwa – jinsi filamu huru kuhusu mashoga na VVU zilivyotengenezwa

Mhariri wa Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mijadala yetu kuhusu filamu za bajeti ndogo huishia karibu kila mara kwenye swali la kamera gani inunuliwe na taa ngapi zinatosha. Leo naomba tujadili jambo ambalo naliona ni zito kuliko vifaa, nalo ni hili: nani anapaswa kuisimulia hadithi ya mtu ambaye jamii imekwisha kumhukumu kabla hajafungua kinywa? Mfano ninaoufahamu vizuri ni wa filamu huru zilizotengenezwa Marekani na Uingereza kati ya miaka ya katikati ya 1980 na mwaka 1995 kuhusu maisha ya mashoga na kuishi na virusi vya UKIMWI. Hoja yangu naitanguliza mapema ili tusizunguke. Filamu hizo zimedumu kwa sababu waliozitengeneza, ambao wengi walikuwa wanaugua wao wenyewe au wakiwazika rafiki zao, walikataa kumgeuza mgonjwa kuwa onyo kwa watu wengine. Tena uhaba wao wa fedha na wa muda uliwalazimisha kubuni umbo la filamu ambalo mtu mwenye studio kubwa asingelifikiria kamwe.

Nianze na Buddies ya Arthur J. Bressan Jr., filamu ndefu ya kwanza ya kuigiza kuhusu UKIMWI. Ilionyeshwa San Francisco Septemba 1985, siku chache kabla ya Rais Reagan kuulizwa na waandishi wa habari kuhusu ugonjwa huo na kuutaja hadharani, ilhali ulikuwa umekwisha kuua maelfu ya raia wake. Bressan aliandika skripti kwa siku 5, akapiga picha kwa siku 9 kwa kamera ya milimita 16, na gharama yote ilikuwa takriban dola 27,000. Aliyewahi kusimamia bajeti ya filamu anajua fedha hizo ni kidogo kiasi gani, maana kila mwigizaji unayemwongeza anakuja na nauli yake, chakula chake, muda wake wa mazoezi na mpangilio mwingine wa taa.

Uamuzi wa Bressan ulikuwa huu: nyuso zinazoonekana wazi ni mbili tu. Yuko Robert, mtunza bustani kutoka California ambaye amelazwa katika hospitali moja New York na ambaye ndugu zake wamemtupa, na yuko David, kijana mpanga chapa ambaye amejitolea kumtembelea ingawa hawajuani. Wengine wote wanasikika bila kuonekana, au wanaonekana mgongo. Muuguzi ni sauti, na mama ni sauti kwenye simu. Hata mpenzi wa David, anayeishi naye nyumba moja, hatumwoni uso. Ni kweli kwamba mbinu hiyo iliokoa fedha, lakini itazameni inavyofanya kazi kwa mtazamaji: dunia nzima imeondoka chumbani, wamebaki watu wawili, nawe ni wa tatu usiye na pa kukimbilia. Filamu inafunguka na mashine ya kuchapisha ya kompyuta inayotema karatasi yenye majina ya waliokufa, jina chini ya jina, na mlio wake mkavu unatosha kuwa muziki.

Ninachokiheshimu zaidi ni kwamba Robert hakuandikwa ili tumhurumie. Anakasirika, anabishana, anadai siasa. Anamkumbuka mpenzi wake wa zamani kwa furaha, na bado ana matamanio ya mwili ingawa mwili wenyewe umekwisha. Katika mwaka ambao magazeti yalimwita mtu kama yeye hatari kwa umma, kumwonyesha akitamani, tena akitamani bila kuona haya, kulikuwa kitendo cha ujasiri mkubwa. Novemba ya mwaka huohuo televisheni ya NBC ilionyesha An Early Frost, filamu nzuri iliyotazamwa na mamilioni, ambayo kijana wakili anarudi nyumbani kuwaambia wazazi wake kwamba ni shoga na ana UKIMWI. Siidharau hata kidogo, kwa kuwa ilifungua milango mingi. Hata hivyo swali lake ni la familia: je, baba na mama watamkubali? Buddies inauliza mgonjwa mwenyewe anataka nini kwa siku alizobakiza. Bressan alifariki mwaka 1987 kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI akiwa na miaka 44, na Geoff Edholm aliyeigiza Robert akafuata mwaka 1989.

Parting Glances ya Bill Sherwood niitaje kwa kifupi. Ilipigwa New York mwaka 1984 na ikatoka 1986. Steve Buscemi, akiwa bado hajulikani, aliigiza mwanamuziki wa roki mwenye UKIMWI ambaye haonyeshwi kama mgonjwa wa kulala kitandani, kwani anatania, anawachokoza marafiki na anaogopa kufa, yote katika muda wa siku moja. Sherwood alifariki mwaka 1990, na hakuacha filamu nyingine ndefu.

Sasa nifike kwa Marlon Riggs, ambaye ningetamani kila mtengenezaji wa filamu wa kwetu amsome kwa makini. Riggs, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Texas mwaka 1957, alisoma Harvard, kisha akasomea uandishi wa habari Berkeley, chuo ambacho baadaye alirudi kufundisha. Mwishoni mwa mwaka 1988 akiwa Ujerumani figo zake zilishindwa kufanya kazi, akalazwa, na hapo ndipo alipojua kuwa ana VVU. Wakati huo alikuwa anatengeneza kazi kuhusu ushairi wa wanaume weusi mashoga. Kazi hiyo ilibadilika mikononi mwake, ikawa Tongues Untied, iliyotoka mwaka 1989, dakika 55 za video zinazochanganya mashairi ya Essex Hemphill na wenzake, kibwagizo kinachorudiwarudiwa kwa sauti za wanaume wengi, ngoma ya mitaani, mlio wa kudata vidole, na ushuhuda wake mwenyewe akiwa ameikabili kamera. Kuna sehemu picha za marehemu zilizotolewa magazetini zinapita moja baada ya nyingine, kisha katikati ya nyuso hizo unatokea uso wa Riggs, mzima, akikutazama. Hakuna maelezo ya daktari wala takwimu ambayo ingeweza kusema zaidi ya hapo.

Sehemu ya fedha zake ilikuwa ruzuku ya dola 5,000 iliyotokana na mfuko wa taifa wa sanaa, na kiasi hicho kidogo ndicho kilichowasha moto. Televisheni ya umma ilipoirusha mwezi Julai 1991, vituo vingi vilikataa kuionyesha, na mwaka 1992 mwanasiasa Pat Buchanan, aliyekuwa akigombea urais dhidi ya Rais Bush ndani ya chama chao, akachukua vipande vyake na kuvitumia katika tangazo la kampeni la kumshambulia Bush kwa matumizi ya kodi za wananchi. Riggs hakurudi nyuma. Aliendelea kupiga filamu hadi kitandani hospitalini. Katika filamu yake ya mwisho, Black Is...Black Ain't, tunamwona amelala, amekonda, akiongoza kazi kutoka kwenye shuka na kueleza idadi ya chembe zake za kinga inavyoshuka. Alifariki Aprili 1994 akiwa na miaka 37, na wenzake wakaikamilisha kwa kufuata maelekezo aliyowaachia. Tamasha la Sundance liliitunuku mwaka 1995.

Nimalizie mifano yangu na Blue ya Derek Jarman wa Uingereza. Jarman aligundulika kuwa na VVU Desemba 1986 na hakuficha. Kufikia mwaka 1993 maambukizi nyemelezi yalikuwa yameshambulia macho yake, akawa anapofuka. Je, mwongozaji asiyeona atatengeneza filamu gani? Alitengeneza dakika 79 za rangi moja ya buluu kwenye kioo, bila picha nyingine yoyote, juu yake sauti zikisoma shajara yake: foleni za kliniki, majina ya marafiki waliokufa, orodha ndefu ya madhara ya dawa aliyoandikiwa. Televisheni ya Channel 4 iliionyesha wakati uleule ambapo BBC Radio 3 iliitangaza, Septemba 1993, na miezi mitano baadaye Jarman akafariki. Kuna watu wanaiona kama jaribio la kisanaa tu. Mimi naiona kama taarifa sahihi kabisa kutoka ndani ya mwili wa mgonjwa, kwa sababu mtazamaji anaondolewa kuona kama mwongozaji alivyoondolewa.

Ningependa kusikia mawazo yenu, hasa kutoka kwa wale mlio na nia ya kufanya kazi kama hii katika mazingira yetu.

Mpiga Sauti

Mkuu, ahsante kwa uzi mzito. Naomba niongeze mfano wa karibu na kwetu, hata kama hausemi habari ya mashoga. Mwaka 1989 mwanamuziki wa Uganda Philly Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden, alitangaza hadharani kuwa ana UKIMWI, akarudi nyumbani akazunguka shuleni na makanisani akizungumza, huku kamera za filamu ya makala Born in Africa zikimfuata. Alifariki Desemba mwaka huohuo. Wapo waliomshutumu kwamba anatafuta kuuza muziki, hadi mwili wake ulipowajibu. Kinachonisumbua ni hiki: Lutaaya alikuwa nyota na alichagua mwenyewe kuonekana. Kwa mtu wa kawaida wa Mombasa, Kampala au Dar es Salaam, ambaye ni shoga na pia anaishi na VVU, kuonekana uso kunaweza kumgharimu nyumba, kazi, hata uhuru wake, kwa kuwa sheria za nchi zetu bado zinamhesabu kuwa mkosaji. Huyo utamshikisha kamera namna gani bila kumwangamiza?

Mhariri wa Usiku (mwanzisha uzi)

Mkuu Mpiga Sauti, umegusa penyewe, na nakubaliana nawe kwamba hapa hakuna filamu inayostahili kumweka mtu gerezani au barabarani.

Tuanze na waliokwisha kujaribu. Mwaka 2014 kundi la The Nest la Nairobi lilitoa Stories of Our Lives. Walianza kwa kuzunguka Kenya wakirekodi sauti tu za mashoga na wasagaji wakisimulia maisha yao, wala hapakuwa na mpango wa filamu mwanzoni. Baadaye wakachagua masimulizi matano, wakayageuza kuwa hadithi fupi za kuigiza, wakazipiga kwa kamera moja ndogo ya picha za kawaida, na wakazitoa kwa rangi nyeusi na nyeupe kwa bajeti ya takriban dola 15,000. Zingatieni hatua ile ya katikati. Mwenye hadithi alibaki salama na sauti yake haikutoka. Mwigizaji ndiye aliyetoa uso. Hata hivyo waliotengeneza hawakunusurika. Bodi ya filamu ya Kenya ilikataa isionyeshwe nchini, na mtayarishaji wake alikamatwa kwa madai ya kupiga filamu bila leseni, kesi ambayo baadaye iliondolewa. Kwa hiyo unapopanga usalama, panga na wa kikosi chako, na kibali cha kupiga picha usikichukulie kuwa karatasi ya hiari, kwa kuwa hicho ndicho chombo cha kwanza ambacho mwenye kutaka kukuzuia atakishika.

Riggs naye ana jibu lake. Mwaka 1992 alitengeneza makala fupi, Non, Je Ne Regrette Rien, kuhusu wanaume weusi watano wanaoishi na VVU. Mwanzoni tunapewa vipande tu vya nyuso zao, mdomo au jicho, na sehemu nyingine imefunikwa kwa weusi. Kadiri wanavyosimulia walivyowaambia mama zao na wapenzi wao, ndivyo uso unavyofunuka. Alichukua ulinzi wa shahidi na kuufanya kuwa mwendo wa hadithi yenyewe. Kwetu pengine uso usifunuke hadi mwisho, na filamu ikubali hivyo waziwazi. Mikono inayosuka mkeka, kisogo cha mtu anayetazama bahari, kivuli ukutani pamoja na sauti iliyosomwa na mwigizaji vinaweza kubeba saa nzima, mradi mwongozaji ameamini kwamba kutoonekana ni sehemu ya ukweli anaousimulia. Kinachoharibu kazi nyingi ni ule ukungu wa kompyuta unaowekwa juu ya uso wakati wa uhariri, kwa sababu unamfanya msimuliaji aonekane mtuhumiwa wa taarifa ya habari.

Dada wa Kliniki

Salaam kwenu. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya tiba na matunzo, na nimeufuatilia uzi huu kwa hamu. Naomba waandishi wa skripti wasikilize jambo moja. Filamu zote za Marekani na Uingereza alizozitaja mwanzisha uzi zilitengenezwa kabla ya mwaka 1996, yaani kabla ya tiba ya mchanganyiko wa dawa kubadilisha kila kitu. Dawa ya kwanza, AZT, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, nayo peke yake haikuweza kuwaokoa. Kwa hiyo wale waliandika kifo kwa kuwa kifo ndicho walichokiona. Mtu anayeandika leo na kumaliza hadithi yake kwa jeneza, bila sababu inayotokana na hadithi yenyewe, anaandika habari za karne iliyopita.

Mteja wangu wa leo anameza kidonge kimoja kwa siku. Akikimeza bila kukosa na kipimo kikaonyesha wingi wa virusi uko chini kiasi cha kutoonekana, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana, na hili limethibitishwa na tafiti kubwa, zikiwemo zilizohusisha wanaume wapendanao. Mnajua ni wangapi wanalia nikiwaambia hivyo, kwa sababu hakuna filamu wala tangazo lililowahi kuwaambia? Tatizo lao liko kwingine. Wapo wanaohamisha vidonge kutoka kwenye kopo la kliniki na kuvifunga kwenye karatasi au kitambaa, maana kopo likitikiswa ndani ya mkoba linalia na jirani wa kwenye daladala anaujua mlio ule. Wapo wanaosafiri hadi wilaya nyingine kuchukua dawa ili wasikutane na shemeji mapokezini. Kijana ambaye ni shoga anabeba siri mbili, naye anahofia kwamba nikiijua ya pili nitamhudumia vibaya kwa ile ya kwanza. Wengine wanaacha dawa kwa hofu hiyo, na mimi nawapoteza kwa jambo ambalo kidonge hakikushindwa.

Mhariri wa Usiku (mwanzisha uzi)

Dada, nakushukuru sana. Mlio wa kopo ndani ya mkoba una hadithi kuliko skripti nyingi nilizowahi kupewa nihariri. Ungeanza na mlio huo, mtu amekaa daladala iliyojaa, mkono ameubana juu ya mkoba kila gari linapoingia shimoni, na mtazamaji angeelewa kila kitu kabla ya neno la kwanza kutamkwa. Bressan alikuwa na mashine ya kuchapisha majina. Wa leo ana kopo.

Unachosema kuhusu jeneza nakiunga mkono kwa moyo wote. Deni letu kwa wale wa 1985 si kuiga vifo vyao. Waliandika kwa usahihi hali ya ugonjwa ilivyokuwa siku zao, na sisi tunadaiwa usahihi uleule kuhusu siku zetu: mwanaume wa miaka 50 anayeishi na VVU tangu ujana, ana shinikizo la damu, anagombana na mwenzake kuhusu kodi ya nyumba, na kidonge chake amekiweka karibu na mswaki asisahau. Maisha hayo ya kawaida ndiyo ambayo watu wengi hawajawahi kuyaona kwenye kioo, na naamini yatawashtua kuliko kilio chochote cha hospitalini.

Mwanafunzi wa Sanaa

Shikamooni wakubwa. Mimi sina VVU wala si shoga, lakini kaka yangu alikuwa vyote viwili na ninatamani kutengeneza filamu kumhusu. Je, kwa hoja ya uzi huu, sina haki?

Mhariri wa Usiku (mwanzisha uzi)

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa kaka.

Haki unayo, ila fahamu unaisimulia ukiwa umesimama wapi. Mwongozaji Tom Joslin wa Los Angeles alianza kurekodi kwa kamera ya video maisha yake na mwenzake Mark Massi, wote wakiwa wagonjwa. Joslin alifariki mwaka 1990 na Massi mwaka uliofuata. Peter Friedman, aliyekuwa mwanafunzi wa Joslin, ndiye aliyekaa na kanda zile hadi zikawa Silverlake Life, iliyoshinda tuzo kuu ya makala kule Sundance mwaka 1993. Friedman hakujifanya Joslin, aliihariri sauti ya Joslin. Nawe tafuta kwanza alichoacha kaka yako: sauti za simu, barua, picha, marafiki waliomjua kwa namna ambayo nyumbani hamkumjua. Usianze na machozi yenu ya msibani. Na kama kuna mpenzi wake aliye hai, mfuate kabla ya mtu mwingine yeyote, umwombe ridhaa kwa maandishi na umwache asome skripti, kwa kuwa filamu hii ikitoka ndiye atakayeishi na matokeo yake mtaani kwake.

Jambo la mwisho ni la haki na nakala. Kwa miaka mingi Buddies ilikuwa vigumu kuonekana, hadi dada yake Bressan na mwanahistoria wa filamu Jenni Olson waliposaidia kuirejesha mwaka 2018, miaka zaidi ya 30 baada ya mwenyewe kufariki. Riggs alikuwa na kampuni yake na wenzake waliojua kila kanda iko wapi, na ndiyo maana filamu yake ya mwisho ilikamilika bila yeye. Kwa hiyo kabla hujapiga picha ya kwanza, andika nani atakuwa mmiliki wa filamu iwapo wewe hutakuwepo, weka kanda zako ghafi katika diski mbili zilizo katika nyumba mbili tofauti, na orodha ya majina halisi ya wasimuliaji usiiweke katika diski yoyote kati ya hizo.